Jina la Nne kwenye Jalada

Tekla binti Hans hakuwa mtu wa kugombana. Waliomjua pale Ngarenaro, tangu kwenye karakana ya baba yake ya kuchomelea mageti hadi kwa akina mama wauza ndizi, wangekuambia kwamba binti huyo ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Kwa hiyo pale chuoni, walipogawanywa vikundi vya kufanya kazi ya mwisho ya stashahada ya utalii, wenzake walimfanya kiongozi bila hata kupiga kura. Kikundi kinataka mtu mpole, walisema. Wewe unayesoma haya unajua mpole huwa wanamtakia nini.

Walikuwa wanne. Naserian alitoka Ngaramtoni, kwao wanalima mahindi na kufuga ng'ombe, binti asiyezungusha maneno. Gidion alitoka Kikatiti, kijana mrefu mwenye miguu ya kupanda milima na ulimi wa kuchokoza watu. Wa nne alikuwa Rodrick, mtoto wa mzee Elimringi, yule mwenye duka kubwa la vipuri vya magari mjini. Huyo na Tekla asili yao ni moja, Machame, na vihamba vya babu zao, yaani mashamba ya ukoo, vinatazamana ng'ambo na ng'ambo ya mfereji.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Walitakiwa kutengeneza njia ya wageni kutembea kwa miguu kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu ya Ngaramtoni: wageni waanzie wapi, wapumzike wapi, waonyeshwe miti gani na ndege gani, wazee wawasimulie nini. Yote yaandikwe kitabu kimoja chenye majina yao juu ya jalada, na alama ziwe moja kwa wote. Madam Ndeshi, mwalimu wao, aliwaambia siku ya kwanza kabisa kwamba watafaulu pamoja au wataanguka pamoja, wasije wakamlilia.

Kwa wengine kuanguka kulikuwa ni kurudia mwaka tu. Kwa Tekla haikuwa hivyo. Mwaka ambao mama yake aliugua mpaka akafariki, Tekla ndiye aliyemuuguza, mitihani ikampita, akarudia mwaka. Chuo kinaruhusu kurudia mara moja. Ukianguka tena unaondolewa moja kwa moja, na wanafunzi wanaita kudisko, na wanalisema neno hilo huku wanacheka. Tekla hakuwahi kulicheka.

Basi wakagawana. Naserian akapewa wazee, kwa kuwa ndiye aliyeweza kuwauliza kwa Kimaa, lugha ya kwao, na kuandika majibu kwa Kiswahili. Gidion akapewa ramani. Tekla akapewa kuunganisha na kuandika. Rodrick akapewa sehemu ya miti na ndege, maana alisema mwenyewe kwamba vitu hivyo anavipenda tangu utoto.

Siku ya kwanza ya kupanda hakuja, alisema tumbo. Siku ya pili alisema gari la baba limeharibika, kana kwamba wenzake walikwenda na gari. Siku ya tatu ilinyesha ile mvua ya mlimani isiyo na haraka, udongo ukawa kama sabuni, Naserian akateleza akaumia kiwiko, na Gidion akabeba mikoba ya wote watatu kichwani kama mama anayetoka sokoni. Wakiwa wamejibanza chini ya upenu wa mzee mmoja, simu zikalia. Rodrick alikuwa ametuma picha kwenye kundi lao: sahani ya nyama choma na ndizi, na chini yake ameandika, nawaombea huko juu, makamanda.

Gidion alitaka kumtukana hapo hapo. Tekla akamzuia. Alisema atazungumza naye.

Akazungumza naye. Alizungumza naye kwa upole, kisha kwa kumkumbusha, kisha kwa kumbembeleza, na kila mara Rodrick alicheka vizuri tu, akamwita sista, akaahidi Jumatatu. Rodrick hakuwa na ubaya usoni. Hilo ndilo lililochosha. Ungekuwa na mtu mkorofi ungejua pa kushika; huyu ulikuwa kama unashika sabuni ndani ya beseni. Wanafunzi wana jina la mtu wa namna hiyo, wanamwita abiria. Gidion akaanza kumwita Tekla konda akimpita kwenye korido, akimwuliza abiria wao atashuka kituo gani. Rodrick alicheka na hilo pia.

Siku zikaenda, na sehemu ya miti na ndege ikawa bado nyeupe. Wakaketi watatu chini ya dirisha la maktaba, wakakata shauri. Chuo kilikuwa na utaratibu: kama mmoja hafanyi kazi, kikundi kinamweleza mwalimu kabla ya siku ya kukusanya, jina lake linatolewa, naye anafanya kazi yake peke yake. Walikubaliana wote watatu. Naserian na Gidion wangegawana miti na ndege, na Tekla kama kiongozi angekwenda kwa Madam Ndeshi.

Alikwenda. Alisema yote, tangu tumbo hadi nyama choma. Madam Ndeshi alimsikiliza, akamwambia amefanya vizuri kuja mapema, na kwamba wiki inayofuata alete maelezo hayo kwa maandishi. Tekla alirudi nyumbani akijisikia mwepesi. Usiku huo alikula mpaka baba yake akamtania.

Rodrick alipopata habari hakumwendea Tekla, wala Naserian, wala Gidion. Alimwendea mama yake.

Jumapili, watu wametoka ibadani, Tekla alikuwa jikoni anakoroga mtori wa ndizi na nyama, akasikia hodi ya watu wengi. Akachungulia. Walikuwa mzee Elimringi na koti lake la kanisani, mama Rodrick, mjomba wa Rodrick aliyetoka Machame asubuhi ile ile, na Rodrick mwenyewe na raba zake nyeupe. Na mjomba alikuwa ameshika mkononi jani la isale, limefungwa fundo.

Mchaga hahitaji kuelezwa jambo hilo, lakini kwa asiye Mchaga ni hivi. Isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini. Aliyekukosea akija kwako na jani lake, amekuja kuomba msamaha, na msamaha huo haukataliwi. Watu wamesamehe vitu vizito kwa jani hilo, hata damu. Ukilikataa, ubaya unakugeukia wewe na wa nyumba yako. Ndivyo walivyolelewa, na kanisa halikuwatoa huko.

Wageni hawakumwita Tekla. Waliketi na baba yake na bibi yake Fransiska, wakaulizana habari za nyumbani, za kahawa, za msiba wa mwaka jana. Kisha mjomba akasimama, akasema kwa Kichaga na kwa Kiswahili kwamba mtoto wao amewakosea watoto wa watu kwa uvivu wake, kwamba kijana akiharibikiwa chuo sasa ni aibu ya ukoo mzima, na kwamba nyumba hizi mbili zilichota maji mfereji mmoja. Akalinyoosha jani. Hakulinyoosha kuelekea jikoni. Alilinyoosha kwa Hans.

Hans, fundi asiyemwogopa mtu, akainuka kwenye kiti kama aliyeitwa na mkubwa wake. Akamtazama mama yake. Bibi Fransiska akatikisa kichwa kukubali, akalipokea yeye, kwa mikono miwili. Ndipo wakamwita Tekla.

Alikuja na mwiko mkononi. Akawaamkia, shikamoo moja moja, wakaitikia kwa furaha. Bibi akamweleza lililokwisha kufanyika, akamwambia kesho akamwambie mwalimu wake kwamba mambo yamekwisha nyumbani.

"Bibi, kazi ile si yangu," Tekla alisema. "Ni yetu watu watatu. Wenzangu hawapo hapa."

"Wewe ndiye kiongozi wao."

"Hakunikosea mimi peke yangu. Naserian aliumia kule mlimani. Aende kwao Ngaramtoni. Aende kwa kina Gidion."

Mjomba akacheka kidogo, kicheko cha kumwonea mtoto huruma, akasema hao ni watu wa kwingine, kila watu na taratibu zao.

"Tekla," baba yake alisema, na sauti haikuwa kubwa. "Unataka nirudishe jani la watu? Mwaka jana tumezika. Unataka nini tena kwenye nyumba hii?"

Kumtaja marehemu mama yake ndiko kulikomnyamazisha. Bibi akamwekea jani kiganjani, akamkunja vidole. Rodrick akasogea, akainamisha kichwa vizuri kabisa, akasema, "Nisamehe, sista. Nitaandika sehemu yangu yote." Kisha mtori ukapakuliwa, wakala, na mama Rodrick akausifu sana.

Jumatatu Tekla aliwaita Naserian na Gidion kwenye benchi la nje. Alianza kuwaeleza akiwa anatazama viatu vyake. Gidion alidhani ni mzaha. Aliuliza kama na yeye akilala mwaka mzima anaweza kuleta sukuma wiki akapewa stashahada. Naserian hakucheka. Aliuliza jambo moja, kwamba wao wawili walikuwa wapi wakati msamaha unatolewa.

"Kwetu pia watu wanasamehe," alisema. "Mtu anang'oa majani mabichi, anakuja ameyashika. Lakini anakuja kwa aliyemkosea. Haendi kwa jirani."

Tekla aliwaambia tu kwamba hawezi kukataa, kwamba baba yake ametaja kaburi, kwamba Rodrick ameahidi, na kama wataanza ugomvi mpya sasa kitabu hakitakwisha, na kitabu kisipokwisha wao watarudia lakini yeye atadisko. Hilo la mwisho hakulitaka kulisema, lilimtoka. Gidion alisema yeye atakwenda kwa Madam mwenyewe, sasa hivi. Alishakwisha kusimama. Naserian akamshika mkono, akamketisha.

"Tunaacha kwa ajili yako," alimwambia Tekla. "Si kwa ajili ya jani lenu. Na ukome kuniita mwenzako."

Tekla akaenda kwa Madam Ndeshi. Akasema wameelewana, jina la Rodrick libaki. Madam alimtazama juu ya miwani, akauliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Akakumbushwa kwamba kiongozi ndiye anayetia saini kuthibitisha kwamba kila mwenye jina juu ya jalada amefanya kazi. Akasema anajua.

Sehemu ya Rodrick ilikuja siku ya kukusanya, asubuhi, wakiwa tayari kwenye duka la steshenari wakisubiri kuchapa na kubana kitabu. Alifika na kurasa zake kwenye flashi, amependeza, ananukia. Tekla akazisoma kwenye kioo cha kompyuta. Ziliandikwa vizuri. Zilikuwa nzuri kupita kiasi. Miti ilikuwa na majina yake ya kitaalamu, sentensi zilikaa sawa kama zimepigwa pasi. Rodrick aliyekuwa akiandika kwenye kundi maneno nusu nusu, ameyatoa wapi haya?

"Rodrick," alimwuliza kwa sauti ya chini, "umeandika mwenyewe?"

Rodrick akaweka mkono kifuani. "Sista, si tulishasameheana?"

Hapo Tekla alikuwa bado na nafasi, na aliijua. Naserian na Gidion walikuwa wamesimama nje ya mlango, hawataki kuingia alipo Rodrick. Angeweza kuwaita. Angeweza kusoma kurasa zote mpaka mwisho. Lakini aliona kwamba akizisoma zote atajua, na akijua itambidi aseme, na akisema ni watu wa Rodrick wote watakaorudi kuketi sebuleni kwao, na Hans kusimama tena na ule uso. Akaishia ukurasa wa kwanza. Akamwambia mwenye duka achape. Kitabu kikabanwa, jalada la bluu, majina manne, na la nne likawa la Rodrick. Tekla akatia saini palipohitajika.

Alipotoka, Gidion alikichukua kitabu, akakifungua katikati akiwa amesimama, akasoma mistari miwili, akakifunga.

"Huyu kaiba," alisema. Akamrudishia.

Wiki ya pili yake waliitwa ofisini, wote wanne. Madam Ndeshi alikuwa na vitabu viwili mezani. Hakupandisha sauti. Alimwomba Rodrick awasomee ukurasa fulani, na Rodrick akasoma vizuri tu, mpaka alipofika mahali palipoandikwa kwamba kwenye kituo cha tatu mgeni atapumzika akitazama flamingo ziwani.

"Nisaidieni," Madam alisema. "Kule juu ya Ngaramtoni, ziwa liko wapi?"

Ziwa liko upande wa pili wa mlima, mashariki, Momela, ambako hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepita kwa kazi hiyo. Kitabu cha pili pale mezani kilikuwa cha wanafunzi wa miaka ya nyuma waliotengeneza njia ya upande huo, na Madam Ndeshi ndiye aliyewasimamia. Rodrick alikuwa amekinakili neno kwa neno, akabadilisha majina ya vijiji. Walevi wanaopigana hukosea namna hiyo, wanarusha ngumi bila kutazama. Hakutazama hata ndege wenyewe wanaishi wapi.

Sheria ya kazi iliyoibwa ilikuwa fupi: wote wenye majina juu ya jalada wameanguka.

Madam Ndeshi akawaambia wengine watoke, akabaki na Tekla. Akamkumbusha kwamba alikuja ofisini hapo hapo kusema kijana huyu hafanyi kazi, kisha akaja kusema amefanya, akatia na saini. Alitaka kujua siku gani alimdanganya. Tekla akamweleza. Alieleza yote, mjomba, fundo, mtori, kaburi la mama yake. Madam alivua miwani.

"Isale nalijua, mwanangu. Hata kwetu Umeru tunalo. Nimelipokea mara mbili maishani mwangu, na mara zote mbili nililia." Akairudisha miwani. "Lakini mtu anasamehe kosa lililokwisha kutendwa. Wewe ulikuwa unamsamehe lile la kesho."

Kisha akauliza kama wale wawili walikubali jina lirudi. Tekla akasema hapana, walikataa, ni yeye aliyewaomba wanyamaze. Madam akasema kama hivyo ndivyo, ayaandike hayo na kutia saini. Wale wawili kikao kingeweza kuwapa nafasi ya kukusanya upya bila sehemu ile iliyoibwa. Yeye asingeweza kupewa. Aliyethibitisha uongo anahesabiwa pamoja na mwizi. Na akaongeza, kwa sababu hakuwa mwanamke mkatili, kwamba anajua hiyo maana yake nini kwa Tekla, na kwamba anaweza kwenda kufikiri kwanza.

Tekla hakwenda kufikiri. Aliomba karatasi. Aliandika kwa mwandiko ule ule mzuri alioandikia habari za njia, za mzee aliyewapa upenu, za maji ya kijito yanavyosikika kabla hujayaona. Hii ilikuwa fupi zaidi. Alipotoka nje, Naserian na Gidion walikuwa ukutani wanasubiri. Aliwaambia kwamba wao wataitwa kukusanya upya. Hakusema zaidi, lakini Naserian hakuwa mjinga. Wakaachana hapo kila mtu na njia yake, na hawakuwa marafiki tena baada ya hapo. Kuna deni ambalo mtu hataki kuliona usoni kila siku.

Barua ya chuo ilipofika, Hans aliisoma akiwa amesimama karakanani, akaikunja, akaendelea kuchomelea. Jioni alisema tu kwamba Mungu ana njia zake. Tekla alimwuliza kama atakwenda kwa mzee Elimringi. Kwenda kusema nini, baba yake alijibu. Jambo limekwisha kusamehewa. Ukilifufua unakuwa umelirudisha jani kwa mlango wa nyuma. Bibi akasema amina, kama mtu aliyesikia sala.

Rodrick alikuwa na haki ya kurudia mwaka, lakini baba yake aliona aibu, akamtafutia chuo Nairobi. Kabla hajaondoka wakamfanyia sherehe ndogo ya kumuaga, Jumapili mchana, na mama Rodrick akaja mwenyewe kuwaalika. Alimkumbatia Tekla mlangoni, akamwambia asikate tamaa, bado ni msichana mdogo, na kwamba siku hiyo aje mapema awasaidie na ule mtori wake.

Jumapili ile bibi alivaa kitenge chake kipya. Baba akavaa koti. Tekla alikuwa ameketi sebuleni na nguo za kazi, hajaoga wala hajasuka, anachambua mchele ambao hakuna aliyemwomba auchambue. Bibi akamwambia avae, wanachelewa. Akamwambia tena. Kisha akaja akasimama mbele yake, akamwambia kwa upole kwamba asipoonekana kule watu watasema hakusamehe.

"Watasema kweli," Tekla alisema.

"Mtoto, usiseme hivyo. Jani ulilipokea."

"Nililiwekewa mkononi, bibi. Mliosamehe ni nyinyi. Nendeni nyinyi."

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye ungo, kimoja kimoja, akiviweka pembeni. Bibi Fransiska alimtazama Hans, akitegemea atasema lile neno la nyumba na la kaburi, na Hans akafungua mdomo kulisema. Tekla akainua macho, akamtazama baba yake moja kwa moja, akasubiri. Neno halikutoka. Hans akafunga kifungo cha koti, akasema atawasalimia kwa niaba ya wote, akatoka.

Bibi akabaki katikati ya sebule na kitenge chake. Peke yake asingeweza kutembea mpaka kule, na mwanawe alikuwa ameshakata kona. Akaketi kwenye kiti cha mlangoni, mkoba mapajani. Kwa mbali muziki wa sherehe ukaanza. Baada ya muda aliuliza kama mchele ule ni wa kupika leo, na Tekla akasema hajui, akaendelea kuchambua.